Laptopu ya kizazi cha tatu na muvi za x265: programu ipi ya bure ikufae?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina laptopu ya HP ya mtumba, Core i3-3110M, RAM GB 4, Windows 10. Muvi nawekewa kwenye flashi pale maktaba ya muvi mtaani. Baadhi zinacheza vizuri, baadhi zinatoa sauti tu, picha nyeusi. Rafiki akanishauri nipakue programu nyingine ya bure. Picha ikatokea, ila inagandaganda na sauti inatangulia, halafu kivinjari changu kikaanza kujifungulia matangazo. Sabtaito nazo haziendani na maneno. Naomba unitajie programu moja ya bure iliyo bora, na uniambie kama nahitaji pakiti ya kodeki. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba. Weka VLC, usiweke pakiti yoyote ya kodeki, na hiyo programu ya pili iondoe leo. Hilo litamaliza picha nyeusi na matangazo. Kuganda litakupunguzia tu, kwa sababu kunatokana na prosesa yako inapokutana na aina fulani ya faili, na hakuna programu inayoweza kuipa i3 ya mwaka 2012 sakiti ambayo Intel hawakuiweka ndani yake. Dawa ni kulitambua faili la aina hiyo kabla hujalilipia pale maktaba, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo kuliko kwenye majina ya programu.

Sauti ipo, picha hakuna

Herufi za mwisho wa jina la faili, yaani .mkv, .mp4 au .avi, zinataja kasha tu. Ndani ya kasha mna mkondo wa picha, mkondo mmoja au zaidi wa sauti, na pengine sabtaito. Kila mkondo umebanwa kwa kodeki yake, yaani kanuni ya kubana na kufungua data, na kodeki ndiyo inayoamua kama utaona kitu au hutaona. Muvi mbili zote za .mkv zinaweza kutofautiana kabisa: moja picha yake imebanwa kwa H.264, kodeki ya mwaka 2003 ambayo karibu kila kifaa kinaielewa, nyingine kwa H.265, ambayo pia huitwa HEVC, iliyokamilishwa mwaka 2013. Wanaobana muvi wanaipenda H.265 kwa sababu ubora uleule unaingia kwenye faili dogo zaidi, mara nyingine nusu ya lile la H.264. Kwa mwenye maktaba hiyo ni faida tupu, maana diski yake inabeba muvi nyingi zaidi na bando lake linadumu. Mzigo unakuja kwako: laptopu yako inatakiwa kupiga hesabu nyingi zaidi kwa kila sekunde ya picha.

Programu ya filamu inayokuja na Windows 10, Movies & TV, haina kodeki ya HEVC. Microsoft wanaiuza kando kwenye duka lao kwa jina la HEVC Video Extensions, dola 0.99. Bila hiyo, sauti ambayo kwa kawaida ni AAC inasikika, na picha inabaki nyeusi. Hicho ndicho kilichokukuta. Kuna na kinyume chake, picha ipo sauti hakuna: hapo mara nyingi sauti imebanwa kwa DTS, ambayo programu hiyo haiifungui. Usinunue nyongeza hiyo. VLC itakufungulia faili hilohilo bure, na kwenye mashine yako nyongeza ya kulipia isingekuongezea kasi yoyote.

VLC, na wenzake wawili nitakaowataja, mpv na MPC-HC, hubeba kodeki zao wenyewe ndani. Hawategemei Windows. Wote watatu wanachota sehemu kubwa ya uwezo huo kwenye mradi mmoja wa programu huria uitwao FFmpeg, ulioanza mwaka 2000. Ndiyo maana faili likifunguka kwenye VLC litafunguka kwenye mpv pia, na kuhamahama ukisaka "inayofungua kila kitu" ni kuchoma bando bure. Pakiti za kodeki zilikuwa na maana zamani, Windows Media Player ilipokuwa ndiyo programu ya wote na haikujua kodeki nyingi. Leo ukiiweka, inasajili vichujio vyake kwenye mfumo mzima wa Windows, vinagongana na vilivyokuwepo, na faili lililokuwa likicheza jana leo linagoma.

Kuganda kunatoka wapi

Kompyuta ina njia mbili za kusimbua picha, yaani kuifungua kutoka kwenye kubanwa kwake. Ya kwanza ni sakiti maalumu iliyomo kwenye chipu ya michoro, ambayo inafanya kazi hiyo kwa moto kidogo na umeme kidogo. Ya pili ni prosesa yenyewe kupiga hesabu moja baada ya nyingine. Sakiti ikikosekana kwa kodeki husika, kazi yote inaangukia kwenye prosesa.

Kwa upande wa Intel mpangilio uko hivi. Prosesa zao za kizazi cha pili (2011) na cha tatu (2012) zina sakiti ya H.264 lakini hakuna ya HEVC. HEVC ya biti 8 ilipata sakiti kamili kwenye kizazi cha 6 (2015). HEVC ya biti 10, yenye ngazi nyingi zaidi za rangi, ilikuja na kizazi cha 7, pamoja na VP9 wanayoitumia sana YouTube. AV1, kodeki mpya zaidi, ilikuja na kizazi cha 11 (2020). Kizazi unakisoma kwenye tarakimu zinazofuata kistari: i3-3110M ni cha tatu, i5-7200U ni cha saba, i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Anayetaka kununua laptopu ya mtumba kwa ajili ya kuangalia muvi aanzie kizazi cha 7. Tofauti ya bei na cha 6 mara nyingi ni ndogo, ila tofauti ya muvi zitakazocheza ni kubwa.

Prosesa yako ina viini viwili (core) vya GHz 2.4. Muvi ya H.264 ya 1080p itacheza laini, kwa kuwa sakiti inaibeba. HEVC ya 720p prosesa inaimudu. HEVC ya 1080p ya biti 8 iko ukingoni: mazungumzo yanaenda vizuri, ikifika mapigano, mvua au maji mengi inaanza kuganda, kwa sababu picha inayobadilika kwa kasi ina data nyingi zaidi. HEVC ya 1080p ya biti 10 usiitegemee. 4K sahau.

Sauti kutangulia ni dalili ya ugonjwa huohuo. Kusimbua sauti ni kazi nyepesi, kwa hiyo inaendelea kwa wakati wake huku picha ikiburuzwa nyuma. Ukiirekebisha kwa vitufe vya kuchelewesha sauti italingana kwa dakika chache kisha itaachana tena. Usihangaike nayo.

Sasa uzuri wa jambo hili. Laptopu nyingi za HP za rika hilo zina skrini ya pikseli 1366 kwa 768, yaani pikseli 1,049,088. Muvi ya 1080p ina pikseli 2,073,600 kwa kila picha. Kompyuta inazisimbua zote, halafu inatupa karibu nusu ili picha iingie kwenye skrini. Muvi ya 720p ina pikseli 921,600, karibu sawa na skrini yako. Kwa macho yako tofauti ni ndogo mno. Kwa prosesa kazi inapungua zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo ukienda maktaba omba "720p, x264". Maneno hayo yamo kwenye jina la faili: x264 ni H.264, x265, HEVC au 10bit ndiyo ya kuepuka. Muvi ya saa mbili ya 720p x264 mara nyingi inakuwa kati ya MB 800 na GB 1.5. Ukiona 1080p ya saa mbili imebanwa hadi MB 900, karibu kwa hakika hiyo ni x265, hata kama jina lake limefutwa na kuandikwa upya.

Kujua hakika, fungua faili kwenye VLC na ubonyeze Ctrl+J. Kwenye mstari wa Codec utaona H264 au HEVC. Kwenye Decoded format, ukiona "10-bit" umeshapata jibu. Kwenye dirisha hilohilo kuna kichupo cha Statistics chenye hesabu ya picha zilizopotea, Lost. Ikipanda mfululizo, mashine imezidiwa. Thibitisha kwa Ctrl+Shift+Esc, kichupo cha Performance: CPU ikiwa juu ya asilimia 90 wakati muvi inaganda, mjadala umeisha. Ikiwa CPU iko asilimia 30 na bado inaganda, tatizo liko kwingine, kwa kawaida kwenye mipangilio ya kuonyesha picha au dereva wa kadi ya michoro, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo.

Watu wengi hulaumu flashi. Piga hesabu: faili la GB 2 la saa mbili linahitaji kusomwa kwa wastani wa KB 280 hivi kwa sekunde. Hata flashi ya bei ya chini inasoma kwa MB kadhaa kwa sekunde. Flashi inakuwa mkosaji pale inapoanza kufa, na dalili yake ni kukwama palepale kila ukirudia, kwenye dakika ileile. Hapo nakili faili kwenye diski ya ndani. Likikataa kunakiliwa, faili au flashi imeharibika. RAM GB 4 nayo inatosha kwa muvi, mradi ufunge kivinjari chenye vichupo ishirini. Na uchomeke chaja: laptopu nyingi zikiwa kwenye betri hupunguza kasi ya prosesa.

Kuchagua

VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, na msimbo wake uliwekwa wazi kwa leseni ya GPL mwaka 2001. Leo inasimamiwa na VideoLAN, shirika lisilo la faida, na haina matangazo. Koni ya barabarani ya rangi ya machungwa ndiyo alama yake. Kwa mtu anayetaka programu moja tu, inayofungua DVD, muvi ya flashi, faili lililoharibika nusu na video ya simu, hii ndiyo. Toleo la 3, lililotoka Februari 2018, linatumia sakiti ya kadi ya michoro lenyewe bila kuambiwa. Udhaifu wake: menyu zimejaa mambo ambayo wengi hawatayagusa maisha yao yote, na haikumbuki marekebisho ya muda wa sabtaito ukifunga muvi.

MPC-HC ni nyepesi zaidi, na sura yake ni ya Windows ya zamani: dirisha, menyu, basi. Kwa laptopu kama yako ni chaguo la pili zuri sana. Angalizo moja: timu ya awali iliacha kuiendeleza mwaka 2017 kwenye toleo 1.7.13, na tovuti za kupakulia zimejaa toleo hilo la kale. Inayoendelezwa sasa iko GitHub, tovuti ya kuwekea msimbo wa programu, kwa mtunzaji ajiitaye clsid2. Pakua hapo tu.

mpv haina menyu za kawaida. Unaiongoza kwa vitufe na kwa faili la maandishi. Anayependa kurekebisha mambo mwenyewe ataipenda, na kwenye mashine dhaifu inakupa uhuru wa kuipunguzia kazi kuliko hizo mbili. Asiyetaka kuandika chochote atumie SMPlayer, ambayo ni mpv iliyovishwa menyu. Kwenye Mac, IINA ni mpv ileile yenye sura ya Mac, na inafungua .mkv ambazo QuickTime inazikataa.

Kuna programu nyingine za bure ambazo si huria, yaani msimbo wake hauonekani: PotPlayer, KMPlayer, GOM Player. PotPlayer ina uwezo mkubwa na wanaoipenda wana sababu zao. KMPlayer na GOM huonyesha matangazo. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokupa kitu ambacho VLC na MPC-HC hazina kwa mahitaji yako, kwa hiyo sioni kwa nini uingie huko.

Ondoa, kisha pakua kwa uangalifu

Programu iliyokuletea matangazo, iondoe kupitia Settings, Apps. Panga orodha kwa tarehe ya kusakinishwa, maana kwa kawaida haikuja peke yake. Vyote vilivyoingia siku hiyohiyo na huvitambui, viondoe. Kisha fungua kivinjari, nenda kwenye nyongeza, futa usizozijua, na urudishe ukurasa wa kuanzia na injini ya kutafutia. Malizia kwa kuendesha Windows Security, uchunguzi kamili, Full scan.

VLC ipakue videolan.org na si kwingineko. Ukiandika "download vlc" kwenye injini ya kutafutia, matokeo ya juu kabisa yanaweza kuwa tangazo la kulipiwa linalokupeleka kwingine. Faili lenyewe ni MB 40 na kitu, jina linaanza na vlc-3 na linaishia na win64.exe kwa Windows ya biti 64. Ukipewa na rafiki kwenye flashi, libofye kwa kitufe cha kulia, Properties, kichupo cha Digital Signatures: pasomeke VideoLAN. Kichupo hicho kisipokuwepo kabisa, lifute. Njia kali zaidi ni kufungua Command Prompt kwenye folda lilipo na kuandika certutil -hashfile, nafasi, jina la faili, nafasi, SHA256, kisha kulinganisha namba inayotoka na ile iliyo kwenye tovuti yao.

Na muvi zenyewe? Muvi haiwi .exe, wala .scr, wala njia ya mkato ya .lnk. Windows huficha kiendelezi, hivyo "muvi.mp4.exe" inaonekana "muvi.mp4". Fungua File Explorer, View, weka alama kwenye File name extensions, uone majina kamili. Muvi ikikuambia "pakua kodeki hii ndipo uone", ifute bila huruma. Hakuna muvi halali inayohitaji hivyo ukiwa na VLC. Na kila baada ya miezi michache bofya Help, Check for updates, kwa sababu faili la video lililotengenezwa kwa hila linaweza kutumia kasoro ya toleo la zamani kuingiza virusi.

Mipangilio ya kugusa

Kwenye VLC bonyeza Ctrl+P, nenda Input / Codecs. Hardware-accelerated decoding iwe Automatic. Ikiwa muvi za H.264 zinaonyesha kijani, miraba au mistari, jaribu DXVA 2.0 badala ya Direct3D 11; zikiendelea, iweke Disable, maana dereva wa kadi yako ndiye mgonjwa, na prosesa inaimudu H.264 ya 720p hata bila msaada. Chini yake kuna Skip H.264 in-loop deblocking filter. Ukiiweka All, picha inapoteza ulaini kidogo na prosesa inapumua. Bofya Save, funga VLC, fungua upya. Bila kufunga, hutaona badiliko.

Kwa zile x265 ambazo huna namna ya kuzikwepa, hapa ndipo mpv inapostahili nafasi yake. Tengeneza faili la maandishi liitwalo mpv.conf ndani ya folda ya mpv iliyo kwenye %APPDATA%, uandike mistari mitatu:

profile=fast
hwdec=auto-safe
vd-lavc-skiploopfilter=all

Wa kwanza unachagua njia nyepesi za kupanua na kupunguza picha. Wa pili unatumia sakiti pale ilipo. Wa tatu unaruka hatua ya kulainisha kingo za miraba. HEVC ya 1080p ya biti 8 iliyokuwa ukingoni inaweza kuvuka kwa njia hii. Ukiwa unaangalia bonyeza herufi i ndogo, uone kodeki na picha zinazodondoshwa.

Sabtaito

Kwanza, faili la .srt liwe folda moja na muvi, na jina lilelile: muvi.mkv na muvi.srt. VLC italichukua lenyewe. Kitufe V kinapokezana sabtaito zilizopo, B kinapokezana mikondo ya sauti.

Kabla ya kurekebisha, tambua kosa ni la aina gani. Angalia dakika ya 5 na dakika ya 80. Ikiwa kote kupishana ni sekunde zilezile, tuseme tatu, faili limeandaliwa kwa toleo la muvi lenye utangulizi mrefu au mfupi zaidi. Kwenye VLC, H inachelewesha maandishi na G inayawahisha, milisekunde 50 kwa kila mbonyezo. Kama zako zinachelewa, basi ni G. Sekunde tatu ni mibonyezo 60, na kidole kitachoka, kwa hiyo tumia njia ya mkato: sikia sentensi, bonyeza Shift+H, sentensi hiyohiyo ikiandikwa bonyeza Shift+J, kisha Shift+K, VLC inapiga hesabu yenyewe. Kwenye MPC-HC ni F1 na F2.

Ikiwa mwanzoni zinalingana na zinaachana kadiri muvi inavyosonga, tatizo ni kasi ya picha. Sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, kwenye diski nyingi inakuwa 23.976, na runinga za Ulaya hutumia 25. Muvi ya dakika 100 kwa kasi ya 25 inakuwa ya dakika 104 na robo kwa 23.976. Kuchelewesha na kuwahisha hakutibu hilo. Pakua Subtitle Edit, nayo ni bure na huria, fungua .srt, nenda Synchronization, kisha Change frame rate, badili kutoka 25 kwenda 23.976 au kinyume chake, uhifadhi. Marekebisho haya yanabaki ndani ya faili, hutarudia kesho.

Sabtaito za Kiswahili zina ugonjwa wao. Ukiona "ngâ€™ombe" badala ya ng'ombe, faili liko katika UTF-8 na programu inalisoma kama Windows-1252; hizo ni namna mbili tofauti za kuhifadhi herufi. Alama ya juu iliyopinda ndiyo inayosambaratika. Kwenye VLC nenda Preferences, Subtitles / OSD, Default encoding, chagua UTF-8. Kama ni kinyume, yaani penye alama panatokea mraba au alama ya kuuliza, fungua .srt kwa Notepad, Save As, Encoding uchague UTF-8.

Muvi zilizotafsiriwa na ma-DJ zina sauti ya msimuliaji iliyochanganywa na ya asili kwenye mkondo mmoja. Hakuna programu itakayoitoa kwa kitufe B, na sabtaito juu yake hupishana kwa sababu DJ mara nyingi amekata vipande.

Maneno hayasikiki, milipuko inapasua masikio

Muvi ya sauti ya 5.1, yaani iliyogawanywa kwa spika sita, inaweka mazungumzo kwenye spika ya kati, ambayo laptopu haina. Bonyeza Ctrl+E, Audio Effects, Compressor, weka alama kwenye Enable. Sauti kubwa zinashuka na ndogo zinapanda. Kupandisha sauti ya VLC kupita asilimia 100 kunafanya spika ndogo zikwaruze, kwa hiyo anza na Compressor.

Ukibaki na muvi ya x265 ya 1080p unayoitaka kweli na toleo jingine halipo, ibadilishe kwa HandBrake, bure na huria. Fungua faili, Preset chagua Fast 720p30, kichupo cha Video hakikisha encoder ni H.264 (x264), ubora RF 22, Start Encode. Kwenye i3 yako hiyo ni kazi ya saa nyingi na joto jingi, iache usiku kwenye meza, si kitandani penye godoro linaloziba matundu ya feni. Kwenye laptopu ya rafiki ya kizazi cha 7 au zaidi, chagua H.264 (Intel QSV), inayotumia sakiti ya Intel badala ya prosesa, na utasubiri kidogo tu.

La mwisho ni Windows yenyewe. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako haimo kwenye orodha ya Windows 11, inayoanzia kizazi cha 8. Ukiamua kuhamia Linux Mint, muvi hazitakuwa kikwazo: andika sudo apt install vlc mpv i965-va-driver, na sakiti ya H.264 ya kizazi cha tatu itafanya kazi kama kawaida. Jaribu kwanza kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, ucheze muvi moja uone.